Ngozi ya Mkono wa Mama

Kwako dada yangu,

Shikamoo. Ipokee sasa hivi, mwanzoni kabisa, maana ukifika chini ya barua hii sijui kama utakuwa bado na hamu ya kuniitikia. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imesaidia, au umeitupa kabatini ikakae na ile ya kwanza? Shemeji naye, kikohozi kimemwacha? Na wanangu wawili, mkubwa na yule mchokozi, wanasoma au wanakupandisha presha tu? Kwangu ni salama. Nakula, nalala, nakwenda kazini, narudi.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Ni kwa sababu ninakujua. Kwenye simu ningeanza kulia, na wewe ungeacha mambo yako yote ukaanza kunibembeleza, na mwisho tungekata simu nikiwa sijasema nilichokusudia. Kwenye karatasi hakuna wa kunibembeleza.

Nianze na habari za kazini. Mwezi uliopita binti wa mgonjwa mmoja alimjia juu Metroni wetu. Mama yake aliletwa kwa ajili ya kifua, akaruhusiwa kifua kimepona lakini ana jeraha kwenye muundi ambalo hakuja nalo. Metroni alimtuliza, kisha akatuita wakuu wa wodi ofisini na kutuuliza wagonjwa wangapi humu ndani wamechanika ngozi. Tukatazamana. Vidonda vya kulalia tunavihesabu kila mwezi. Mgonjwa akianguka tunajaza fomu kurasa tatu. Lakini ngozi kuchanika hakuna aliyewahi kuhesabu. Mtu akichanika anafungwa bandeji, maisha yanaendelea.

Wewe unaijua hali hiyo kwa macho, lakini nikueleze jinsi sisi tunavyoieleza. Ngozi ya juu inaachana na ya chini kwa sababu ya kuvutwa, kusuguliwa au kugongwa. Kwa kijana ni vigumu kutokea. Kwa mzee, hasa aliyevimba au anayetumia dawa fulani kwa muda mrefu, ngozi inakuwa nyembamba kiasi cha kuona mishipa yote, na inafunguka kama bahasha. Haiui mtu. Inauma, inachelewa kupona, na kila anayeiona anaanza kutafuta nani amefanya.

Metroni akaamua tuhesabu. Siku moja, wodi zote, kila mgonjwa aliyekubali, kuanzia utosini hadi unyayoni. Kazi nilipewa mimi pamoja na yule mfunga vidonda wetu mzee, anayekaribia kustaafu, ambaye wote tunamwita Cherehani. Jina alilipata kwa jinsi anavyorudisha ngozi iliyochanika mahali pake. Hatumii uzi wala sindano. Analowesha kipamba kwa maji ya chumvi, anakisukuma kile kipande cha ngozi taratibu mpaka kinakutana na mwenzake, anashusha pumzi, anafunika. Ukiangalia baada ya siku kumi unatafuta mstari huuoni.

Tulianza baada ya wagonjwa kunywa chai, tukamaliza kabla ya saa za kuwaona wagonjwa jioni. Tuliwaona watu mia moja hamsini na wawili. Kilichonishangaza ni kwamba karibu kila aliyekuwa na jeraha alisema amejigonga mwenyewe. Hawataki kumponza nesi anayewaletea dawa. Mzee mmoja aliyekuwa dereva wa lori alituambia amegongwa na kitanda chake, tena kitanda hakina leseni, na wodi nzima ikacheka. Cherehani naye alicheka, kisha akamwomba aukunje mguu, akaonyesha chuma cha pembeni mwa kitanda ambacho mpira wake ulishatoka. Kimo cha chuma na kimo cha jeraha vilikuwa sawasawa.

Ndivyo alivyofanya kutwa nzima. Alikuwa anayasoma majeraha kama wewe unavyoweza kuonja mchuzi ukajua nani kaupika. Hili limetoka kwenye kiti cha magurudumu, hili ni kucha, hili ameshikwa mkono akavutwa ainuke. Mimi nilikuwa naandika tu.

Wodi ya wanawake tulikuta mwalimu mstaafu, mama mwembamba mwenye sauti kubwa, na bandeji kwenye mkono wa kulia. Binti yake alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda ameshika taulo. Mama aliposhindwa kujigeuza, binti hakusogea. Aliita nesi. Nilimuuliza kwa nini hamsaidii mwenyewe, akasema ameshamuumiza mara moja na haitatokea tena. Kumbe juzi yake alimvalisha sweta, baadaye ikaonekana ngozi imechanika, na ndugu zake wakamwambia ana mikono ya kubebea mizigo.

Cherehani alifungua bandeji akainama. Alitazama muda mrefu kuliko kawaida. Halafu akamwita binti aje aone. Akamwonyesha kwamba upande mmoja wa jeraha umenyooka kama uliopigwa rula, na pembeni kumebaki gundi nyeusi nyeusi. Akamwambia, "Sweta halichani hivi, binti yangu. Hii ni plasta. Imebanduliwa kwa haraka, na aliyeibandua ni mmoja wetu. Mikono yako haina kosa."

Yule binti aliweka taulo kitandani, akakaa, akamshika mama yake mkono. Mama mwalimu akasema kwa ile sauti yake kwamba afadhali, maana manesi wanamgeuza kama gunia.

Mimi nilimwambia Cherehani nakwenda kuchukua fomu nyingine. Fomu nilikuwa nazo. Nilikwenda stoo ya mashuka, nikafunga mlango, nikakaa juu ya marobota kama robo saa. Niliporudi tuliendelea na kitanda kinachofuata.

Hesabu ilitoka hivi: wagonjwa kumi na tisa kati ya mia moja hamsini na wawili, yaani mmoja katika kila wanane. Kwa kuwa wengine walikuwa na zaidi ya jeraha moja, majeraha yalikuwa ishirini na sita. Mengi yalikuwa mikononi na kwenye miundi. Yaliyoandikwa kwenye mafaili yalikuwa matano, na katika hayo matano, matatu yalisema yamesababishwa na jamaa wa mgonjwa. Metroni aliisoma ile karatasi mara mbili, akauliza kama tuna uhakika. Cherehani akajibu kwamba tuna uhakika na majeraha, maelezo ndiyo hatuna uhakika nayo.

Sasa, dada, nifike kwenye lile lililonikalisha hapa mezani.

Siku ile mama alipochanika mkono, miaka miwili iliyopita, alipokuwa amelazwa hapa kwetu, wewe ulifika wodini saa nne asubuhi na beseni lako na sabuni. Mimi nilikuwa nimeshapita saa tatu. Hukujua, kwa sababu sikukwambia. Nilishuka kutoka wodi yangu kumtazama kwa dakika tano, nikakuta pale penye sindano ya dripu pamevimba. Ilibidi itolewe. Hakuwa mgonjwa wangu wala haikuwa wodi yangu, lakini nikasema nani wa kumwita wakati mimi mwenyewe nipo. Plasta ya mkono wa mzee inaloweshwa kwanza, inabanduliwa polepole, huku kiganja cha pili kimeshikilia ngozi. Nawafundisha wanafunzi hivyo kila mwaka. Mimi niliivuta mara moja, kwa sababu nilikuwa nachelewa kikao.

Ilitoka na ngozi, upana wa vidole viwili.

Mama alikuwa amelewa dawa ya maumivu. Aliguna, akageuza uso. Nilikirudisha kile kipande kwa kidole, nikaweka shashi juu yake bila kufunga, nikashusha mkono wa gauni. Nilijiambia nitarudi baada ya kikao, nitafunga vizuri, nitaandika. Nilikusudia kweli. Kikao kikaenda saa moja na nusu.

Waliponiita ulikuwa umesimama kando ya kitanda, mikono umeinyoosha mbele kama mtu aliyemwaga kitu cha watu. Ulikuwa umevua gauni la mama ili umwogeshe, na damu ilikuwa imefika kwenye shuka. Uliniambia, "Kulikuwa na shashi ndani ya gauni. Nimeiona mimi, imedondoka." Nikakujibu, mbele ya muuguzi wa zamu, kwamba hospitalini shashi zimezagaa kila mahali. Kisha nikautazama mkono wako, nikasema, "Labda ni hiyo pete."

Hakuna aliyenilazimisha kusema hivyo. Ningeweza kunyamaza tu, na hiyo ingekuwa dhambi ndogo zaidi. Lakini nilisema, na kwa kuwa mimi ndiye nesi wa ukoo, ikawa hivyo. Muuguzi akaandika. Kaka akasema mikono ya mpishi wa shule, iliyozoea masufuria ya bweni zima, haifai kumshika mgonjwa, akamhamishia mama kwake, wifi akapewa kazi yote. Wewe hukubisha hata kidogo. Uliivua pete pale pale, na tangu siku hiyo ukienda kumwona mama unakaa kwenye kile kiti cha mlangoni, mikono mapajani, kama mgeni aliyekuja kuleta ujumbe. Nimekuona ukikaa hivyo miaka miwili. Mara ya mwisho mama alinyoosha mkono apewe kikombe, nawe ukamwita wifi kutoka jikoni.

Mwanzoni niliogopa kazi yangu. Baadaye sikuwa naogopa chochote, nilikuwa nimezoea. Sina maelezo mazuri kuliko hayo, na nimeyatafuta.

Kesho yake baada ya hesabu nilikwenda chumba cha mafaili nikatafuta faili la mama. Mstari upo: ngozi ya mkono wa kushoto imechanika wakati jamaa akimwogesha mgonjwa. Nililipeleka kwa Metroni nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama najua ninachokifanya, nikamwambia najua. Alinipa kalamu. Nimeandika chini ya ule mstari ilivyokuwa, saa, na jina langu, nikatia sahihi. Nimepewa barua ya onyo, na wanafunzi nimenyang'anywa kwa mwaka mmoja. Ni haki. Cherehani alisikia, kama kila mtu hapa alivyosikia. Aliniambia tu kwamba kwenye hesabu yetu tungeandika wagonjwa ishirini, pamoja na mama.

Jumapili nilikwenda kwa kaka. Nilimwambia yeye na wifi sebuleni. Kaka alikuwa akimenya chungwa, akaendelea kulimenya mpaka likaisha, hakulila. Akaniuliza, "Miaka miwili unatuangalia tu?" Nikasema ndiyo. Wifi aliinuka akaenda uani. Sijui kwa upande wake ananichukuliaje, maana mzigo aliubeba yeye.

Kisha niliingia kwa mama. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwambia taratibu, kwa sababu sikio lake la kulia limekufa kabisa sasa. Nilidhani atauliza juu ya mkono. Mkono hakuuliza. Alisema, "Kwa hiyo hakuwa ananionea kinyaa."

Sikumwelewa. Nikamwomba arudie. Akasema siku zote hizi alidhani binti yake mkubwa hataki kumgusa kwa sababu amezeeka, ngozi imelegea, ananuka dawa. Alikuwa amekubali. Alisema watoto wengine huwa hivyo, huwezi kuwalaumu. Ndiyo maana hakuwahi kukuuliza. Hakutaka kukuaibisha.

Dada, sikujua hilo. Nilijua nimekunyima wewe mama. Sikujua kama naye nimemnyima kitu.

Alinituma ujumbe, naufikisha alivyousema. Wifi anasafiri Ijumaa kwenda kumuuguza dada yake, atakaa majuma matatu. Kaka alifikiri mimi nichukue likizo nije kumhudumia mama. Mama akakataa. Alisema, "Huyu nesi akae hospitalini kwake. Mwambieni mwenzake aje aniogeshe." Kaka yuko tayari kukufuata Alhamisi jioni ukikubali. Atakupigia mwenyewe, na nadhani naye ana la kwake la kukuambia.

Ukienda: umpake mafuta mara mbili kwa siku, ukifuata upande vinyweleo vilikolalia. Ukimwinua tumia viganja vyote viwili, usimvute kwa vidole. Mvalishe mikono mirefu. Nayaandika haya kwa sababu ni kazi yangu kuyaandika, ila nakumbuka vizuri kwamba ulikuwa unafanya hivyo hivyo kabla hatujakufukuza, na hakuna aliyekufundisha.

Sikuombi msamaha kwa barua. Nitakuja kuuomba kwa miguu yangu, siku utakayosema nije. Usiposema, nitaelewa.

Nisalimie shemeji, na wanangu wote wawili. Wasomee sehemu utakayoona wanafaa kuisikia, au wasomee yote, ni juu yako. Uwape pole jirani zako kwa msiba niliousikia. Na wewe mwenyewe ulitunze hilo goti, mama ni mzito kuliko anavyoonekana.

Ni mimi mdogo wako,
Nesi