Kamera Kwanza, Vigae Baadaye

Mabira,
12 Juni 2024

Mwanangu Deodatus,

Tumsifu Yesu Kristo. U mzima huko Muleba? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi tunapumua, ila bibi yako Kokwijuka magoti yanamsumbua, na upepo umeangusha migomba miwili iliyokuwa na mikungu. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu ukisikia jambo usilolitaka, mtandao wako unakatika ghafla. Barua haikatiki.

Jambo lenyewe ni hili: kahawa ya mwaka huu nikiiuza, nanunua kamera. Si simu. Ile kamera ya kutundika shingoni, wanaiita DSLR. Usicheke. Nina miaka hamsini na saba, macho yanaona na mikono haitetemeki.

Kinachoniuma nakuambia wazi. Tulipomzika baba yako, picha iliyotangulia jeneza ilitoka kwenye kadi yake ya ushirika, imekuzwa hadi sura imekuwa ukungu, na mhuri wa buluu umemkaa shavuni. Miaka thelathini na mitatu nimeishi na Placidius, siku ya kumuaga nikaletewa mhuri! Mwezi uliopita tumemzika mzee Fidele, naye hivyo hivyo, picha ya kitambulisho, macho yamemtoka kama kaona nyoka. Nimesema basi. Wazee wa hapa hawataondoka tena bila sura zao, na nitaanza na bibi yako.

Wewe ndiye msomi. Niambie mtu asiyejua kitu aanze na kamera ipi.

Ni mimi mama yako,
Eustadia


Muleba,
25 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi kimepona, na mkweo Joanitha anakusalimia sana. Bibi mpe pole, nitamtafutia dawa ya kuchua.

Mama, barua yako nimeisoma mara mbili nikidhani nimekosea kusoma. Kamera hizo si kitu cha kujaribia. Unanunua bodi, yaani kamera yenyewe, halafu lenzi, halafu kadi, halafu betri ya akiba. Umeme wako ni ile sola ya taa mbili. Na wapiga picha wa huko ni vijana, wanakwenda kinyumenyume mbele ya maharusi kwenye matope. Nawe uende kinyumenyume? Nitakununulia simu nzuri, inatosha.

Tena tulikubaliana kahawa ya mwaka huu ni ya kujengea kaburi la Baba. Fundi nimeshampata na vigae nimeshachagua, vya kijivu. Miaka miwili kaburi ni udongo mtupu na majirani wanaliona. Mimi ni ofisa wa serikali, Mama. Watu watasema nini wakisikia kaburi la Placidius halina hata saruji, na mjane wake kanunua kamera? Nakuomba uliache hilo.

Mwanao mtiifu,
Deodatus


Mabira,
8 Julai 2024

Marahaba, ofisa wa serikali.

Hatujambo. Bibi anasema dawa ya kuchua hajaiona bado. Hilo neno "mtiifu" umeliandika wewe, mimi utiifu wenyewe nimeutafuta kwenye barua nikaukosa.

Simu nimeshajaribu, ya jirani yangu Joyness. Wewe umezaliwa kwenye kibanja hiki cha migomba, umesahau kulivyo? Chini ya migomba ni giza adhuhuri. Simu inamgeuza mtu kijani, au inamfuta kabisa. Na wazee siwezi kuwatoa juani wakakunja nyuso, maisha yao yote wamekaa kivulini. Nimemuuliza kijana aliyepiga picha za harusi ya Joyness, kaniambia lenzi ziko za aina aina, nyingine zinapokea mwanga mwingi hata penye giza. Hiyo ndiyo naitaka. Ila sijui ni ndefu au fupi. Nijibu kabla mwezi haujaisha.

Kuhusu kaburi, mwanangu, vigae havizeeki. Mwakani vitakuwa dukani vilevile. Wazee mwakani sina hakika nao. Kamera kwanza, vigae baadaye. Watu wakisema, waache waseme, midomo ni yao.

Mama yako,
Eustadia


Mabira,
19 Agosti 2024

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hukunijibu. Nilihofu unaumwa, Joanitha akanihakikishia unakula na kulala, basi nikajua ni ubishi tu.

Maji nimeshayavulia nguo, kahawa ya awali nimeiuza. Jumatano nilikwenda Kayanga kwa Nolasco, mwenye studio, anauza pia kamera zilizotumika. Akaniwekea mbili mezani. Moja ina lenzi ndefu kama mchi. "Mama, wateja wakiiona hii tu, wanakuheshimu." Nyingine ndogo, imekwaruzika, lenzi yake fupi. Nikamwambia sikuja kununua heshima. Nikamwamuru azime taa, akae nyuma ya pazia lake, nikampiga kwa kila moja. Kwa ile ndefu katoka mweusi tii, hata pua haionekani. Kwa ile fupi nikaona mpaka kovu la kidevuni.

Akasema, "Lakini hii fupi haivuti, Mama. Mtu akiwa mbali itabidi umsogelee mwenyewe."

Nikamwambia miguu ninayo.

Nikamuuliza pia imeshapiga picha ngapi tangu itoke kiwandani, maana hata pikipiki ya mtumba hatuulizi rangi, tunauliza imetembea kilomita ngapi. Alicheka mpaka akashika meza. Akaichomeka kwenye kompyuta, akaniambia elfu kumi na nane, bado mbichi. Nikaichukua. Kanifundisha hadi jioni na hakunitoza, na picha atanisafishia yeye. Betri inajaa kwa sola yangu ya taa mbili, uliyoisema.

Nina furaha, Deo. Nilitaka uijue.

Mama yako,
Eustadia


Muleba,
10 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima.

Sikujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na leo naisema. Picha ya mhuri niliikuza mimi. Baba alipofariki hospitalini huku, kadi ile ilikuwa mfukoni mwake. Nilizunguka mji mzima nikitafuta picha nyingine ya kwake. Zilikuwapo kwenye simu yangu iliyoibiwa, sikuwahi kusafisha hata moja. Kila likizo nilisema nitapeleka mpiga picha nyumbani, kila likizo ikapita. Kwa hiyo ukiandika kwamba uliletewa mhuri, aliyeuleta ni mimi.

Nilitaka angalau vigae viwe vizuri. Basi, fanya upendavyo.

Mwanao,
Deodatus


Mabira,
17 Novemba 2024

Deo wangu,

Amani iwe nawe na Joanitha. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa sina jema la kukuandikia, sasa ninalo.

Kwanza la kwako. Nilijua ni wewe. Nilikuona ukiibeba picha ile. Ungeikosa kadi tungemsindikiza baba yako na msalaba mtupu. Sikukulaumu wewe peke yako. Nimetulaumu sote, sisi wa mwakani, mwakani. Nisamehe nilivyokuwa nikilitaja bila kufikiri linakuchoma.

Sasa sikia ujinga wangu. Jumapili ya kwanza ya Septemba nilisimama jumuiyani nikatangaza kwa sauti: "Wazee wote njooni, nitawapiga picha nzuri za msiba!" Mzee Elpidius akavaa kofia akatoka. Nyirabageni, mzee mwenzake, akasema nimetumwa kuita vifo. Wiki tisa hakuna aliyekanyaga uani kwangu, na watu wakinikuta njiani na kamera shingoni wanavuka upande wa pili. Nililia, sikufichi. Lakini kila asubuhi nilitoka nayo. Nilipiga migomba, mbuzi, kahawa ikianikwa, mpaka nikajua saa gani mwanga unaingia kibanjani na unakaa wapi.

Aliyenitoa ni bibi yako. Wiki mbili zilizopita kanikuta nafuta lenzi, akasema, "Nipige." Nikamwambia, Mama, wajua watu wanavyosema.

"Ya msiba sitaki," akasema. "Nataka ya kumpelekea Deo. Miaka miwili hajaja. Asije akapishana nami njiani asinijue."

Hakwenda kubadili nguo. Aliendelea kumenya ndizi zake, mimi nikasogea, nikasogea, mpaka magoti yetu yakagusana. Akainua uso. Nimekuwekea picha yenyewe humu ndani.

Nolasco aliponisafishia, Nyirabageni akaiona mezani. Kesho yake kaja na gauni la Pasaka, anataka ya kumpelekea binti yake aliye Mwanza. Elpidius naye ana ndugu yake kule Kibingo hawajaonana siku nyingi, anataka ajue bado yupo. Sasa wako tisa wanaongoja, na mimi neno msiba nimelifungia kabatini.

Senene wameanza kuanguka, wa kwako nimekaanga.

Mama yako,
Eustadia


Muleba,
26 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo, na Bibi naye shikamoo yake.

Bahasha niliifungulia ofisini. Nilikosea. Ilibidi nifunge mlango nikae kwanza. Mara ya mwisho kumwona Bibi nywele zake zilikuwa bado na weusi. Sikujua umekwisha. Na hajakasirika, Mama. Ananitazama tu kama nimechelewa chakula. Mdomo ule ni wa Baba kabisa, nimeufunika kwa kidole nikaufunua tena, ni wa Baba.

Nakuambia ukweli ambao nilikuwa naukimbia. Vigae nilivitaka vikae pale badala yangu, mtu akiuliza Deo yuko wapi, avione. Fundi nimemwambia asubiri.

Jana nimetafuta picha yoyote niliyopiga na Bibi. Nimetafuta kwenye simu, nimepekua mabahasha, nimemuuliza hata Joanitha. Sina hata moja.

Tunakuja Ijumaa ya wiki ijayo, wote wawili, tunakaa wiki nzima. Mwambie Bibi. Na mimi niandike kwenye foleni, baada ya hao tisa.

Mwanao,
Deo