Chumvi ya Mke wa Mlinzi

Mama Nekesa, sasa? Nisalimie watoto na mtaa wote wa Lindi.

Picha ya mbele ya hii kadi ni simba, lakini huku msituni tuko na kanga tu. Yule mzee mwenye ploti wa Kawangware, aliyenileta niwapikie, na rafiki zake wamewinda sita leo asubuhi, nikawanyonyoa, nikabandika sufuria. Unakumbuka vile nilizunguka Soko la Toi siku mbili nikinunua chakula cha safari, nikakuambia nyamaza, mpishi ni mimi? Unga nimebeba, viazi waru, vitunguu, majani ya chai, mpaka dania ya mchuzi. Chumvi sina! Nimezoea kiosk iko mlangoni, chumvi tunaikumbuka mboga ikishakuwa motoni. Hapa duka ni nusu siku kwa miguu.

Nikaenda kwa mke wa mlinzi wa hii nyumba ya mbao tunayolala, nikasimama mlangoni na kikombe. Akanimiminia chumvi yake yote, akakung'uta na mkebe. "Chukua, baba. Sisi leo tutakula hivyo hivyo."

Wazee walisifu mapishi. Mimi nilikuwa nawaza ile siku ulienda kwa jirani yetu Mama Atieno kuomba chumvi, nikakugombeza hapo kwa ploti yetu, watu wote wakisikia, eti unaniaibisha.

Barua ningeifunga kwa bahasha. Nimeandika kadi kwa sababu itapitia sanduku la posta la kanisa, na majirani wataisoma kabla ikufikie. Nilikugombeza mbele yao. Nisamehe, wakiwa hapo hapo.

Wako,
Baba Nekesa