Kwa Yaya Kabange, Aliyenikausha Kifua

Yaya Kabange,

Njo minyi, Saidi wa vitenge, mwenye mudomo kubwa kushinda duka lake. Usishtuke, leo sikuji kuomba vidonge kwenye dispansere yako ya kambi.

Siku walipokuzika nilikuwa Luena. Vita ilisimamisha gari moshi. Minyi niliyefika Ndola, Kigoma, Bujumbura, nilishindwa kufika Kamina hapa karibu! Nililia juu ya mizigo yangu mpaka wamama wa wagoni yetu ya gari moshi wakanipa ndizi kama mutoto. Ile homa uliyotoka nayo Kabondo-Dianda, ulikoenda kutunza wakimbizi, haikuwa na heshima. Ingejua ni nani iko mbele yake, ingerudia njiani.

Unakumbuka chawa? Vita ilileta bantu kutoka kila upande, na chawa nazo zikapata safari ya bure. Bibi za askari kambini wakaanza kujipaka dawa ya kupulizia pamba, ile inayotoka Kaniama ndani ya chupa za bia. Minyi, muntu wa dunia, nikajimwagia kuwashinda wote, kichwa mpaka kiuno, nikavaa shati nzuri, nikaenda soko. Nikiwa mezani kwangu mate ikaanza kutoka, macho ikatoa machozi, nyama za mikono zikacheza zenyewe. Pumzi ikawa ya muntu anayezama. Bantu wakapiga kelele: "Gazi! Adui ametupa gazi ya sumu!" Soko lote likakimbia. Weye peke yako njo ulikimbia kuja upande wangu.

Kwanza ulifunga mifuko ya plastiki mikononi. Ukapasua shati yangu ya Lubumbashi, ukanivua suruali mbele ya wakwe zangu, ukanimwagia maji na sabuni. "Weye Saidi wa maneno mingi, leo mate imekushinda! Nyamaza, pumua."

Kisha ukaita ile sanduku yako. Kambi nzima ilikucheka nayo: sindano za zamani, zilizoachiwa askari kwa vita ya gazi ambayo haikufika kamwe. Shemeji yangu sajenti alikuwa anasema, "Yaya, adui wetu iko na bunduki tu. Unamungojea nani?" Na weye: "Namungojea mujinga mumoja." Kumbe ni minyi!

Baadaye ulinieleza: ile gazi na dawa ya pamba ni ndugu, zote zinashika mishipa ya fahamu isipumzike, kifua kinajaa maji. Atropini, ile dawa ya sindano zako, inakikausha ili pumzi ipite. Ulinipiga moja kwenye paja, kama posta inavyopiga muhuri, ukaweka sikio kifuani. "Bado iko maji." Ukapiga tena. Ukasikiliza, ukapiga, mpaka kikakauka. Moyo ukakimbia kama gari isiyo na breki, mudomo ikakauka, nikakosa neno. Bantu wanasema huo njo muujiza wako mukubwa: kumunyamazisha Saidi.

Tangu uondoke, dispansere imepata kufuli mupya, na yule kijana uliyemufundisha njo anakaa kwenye kiti chako. Juzi dada yangu Feza, bibi ya sajenti, alitoka kupulizia pamba na nguo imelowa, akaanguka mulangoni kwake. Mate, machozi, pumzi ileile. Nilijua, yaya! Nikafunga plastiki mikononi. Nikafungua vitenge vipya vya kuuza, wamama wakavishika kama ukuta, nikawaonyesha namna ya kumuvua na kumuosha. Sajenti alitaka kunipiga. Nikamuambia, "Utanipiga kisha, shemeji. Sasa leta maji." Kijana wako akapiga sindano, akaweka sikio, akapiga tena.

Feza iko anakula. Ananitukana pia sababu ya ile kitenge ya maua iliyochafuka.

Lakini ile ilikuwa sindano ya mwisho. Niliona sanduku yako tupu, na hapo njo nilijua kweli umekufa. Luena sikujua.

Basi sikia. Gari moshi ikitembea tu, nakwenda Lubumbashi. Ule muzigo ninaofunga kwa mikono yangu mwenyewe, wa vitenge vya wake za wakubwa, utarudi na ampuli za atropini za kujaza sanduku yako. Vitenge vingoje. Na kila safari itakuwa hivyo, mpaka na minyi niingie udongoni.

Lala vizuri, yaya yangu. Kifua changu kingali kikavu; macho leo njo yamenishinda. Wakinicheka sokoni na ile sanduku, jibu ninalo:

namungojea mujinga mumoja.

Saidi wako