Mkono wa Kumsukia Mama

Montreal, 14 Januari 2019

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanitafuna. Habari za Kedgwick? Mama anaendeleaje?

Mkono wako mpya wa bandia umetoka maabara. Tumeuhangaikia miaka minne. Una mota tano, unashika yai bila kulivunja! Majaji wa mashindano ya uvumbuzi walisimama kupiga makofi. Uvae, kisha uniambie ukweli.

Binti yako,
Léonie


Kedgwick, 2 Februari

Léonie mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo. Mama yako mwili mzima, ila kumbukumbu zinazidi kumtoka. Jana aliniuliza kama mimi ni fundi wa jiko. Nikamwambia ndiyo, na jiko limepona.

Mkono nimeupokea. Fernand wa jirani kauona, akasema, “Onésime, sasa utaiba kuku bila kutoka jasho!” Najivunia wewe. Yai mkono unalishika kweli.

Baba yako


Montreal, 20 Februari

Baba,

Shikamoo. Mnaendeleaje? Barua yako nimeisoma mara tatu. Nani kakuuliza habari za mayai? Nataka ukweli.

Léonie wako


Kedgwick, 9 Machi

Mwanangu,

Hatujambo. Haya, umenibana.

Tangu msumeno wa kiwandani unikate, mayai napasua kwa kushoto. Shida yangu ni nywele za mama yako. Kila asubuhi anakaa kitini, ananipa kitana. Jina langu amelisahau, lakini anajua mimi ndiye wa kumsuka. Mafungu matatu kwa mkono mmoja siwezi. Mkono wako ukianza kulia vuuu, anashtuka kama kaona nyuki. Mara ya pili ulimnasa nywele, akalia. Siku hizi anakaa tu na kitana mpaka anachoka, anainuka.

Ningepata kitu bubu, cha kubana na kuachia. Basi.

Baba yako


Montreal, 27 Machi

Baba,

Shikamoo, na Mama mbusu. Nilipomaliza kusoma nilifunga mlango wa ofisi. Miaka minne, na sikukuuliza hata siku moja unataka mkono wa kufanyia nini.

Nitakutengenezea kibano cha mpira laini, hakina mota, unavuta kwa bega. Ni kazi ya siku tatu. Mkuu wangu anataka twende kwanza kwenye maonyesho Toronto. Nikirudi tu naanza.

Binti yako,
Léonie


Kedgwick, 11 Mei

Léonie mwanangu,

Natumaini umefika salama na unakula.

Kifurushi kimefika Jumanne, siku tano baada ya kumzika mama yako. Pale kaburini uliniomba msamaha kwa kuchelewa. Najibu sasa. Nilikasirika. Si sana, lakini nilikasirika. Imepita.

Siku ya kumwandaa alisukwa na mke wa Fernand. Mimi nilishika kitana.

Kibano nimekijaribu kwa kamba tatu za viatu, nimezifunga kwenye kiti chake. Kinafaa, mwanangu. Kinashika barabara, kimya kabisa. Nilisuka mpaka mwisho. Kisha nikaufungua kitini, nikakaa na ule msuko mapajani, sikujua niufanye nini.

Njoo Juni. Usilete kitu.

Baba yako