Ndizi ya Kwenye Wali

Jumanne, baada ya alasiri

Leo asubuhi hospitalini niliapa uongo, mtu mzima mimi.

Halima, binti wa lishe pale tunaposafishwa damu sisi wagonjwa wa figo, alisoma majibu yangu akaguna. "Mwalimu, potasiamu imepanda tena. Unakula matunda?"

"Sili matunda, wallahi."

Mke wangu Fadumo akacheka. "Na ndizi ya kwenye wali?"

"Hiyo si tunda. Hiyo ni wali."

Halima, Msomali mwenzetu, anajua kwamba kwetu wali huliwa na ndizi mbivu; alificha kicheko nyuma ya faili. Kisha akasema bila kucheka kwamba ndizi hiyo inaweza kuusimamisha moyo wangu.

Nimefundisha sayansi miaka mingi. Nilijua. Siku zangu si nyingi, basi naungama hapa: nilijifanya mjinga kwa sababu wali bila ndizi haunishuki.

Kufa sikuogopi sana. Naogopa Fadumo asije akajilaumu kwamba yeye ndiye aliyenimenyea.

Mchana amepakua wali mtupu, sahani zote mbili.

"Ndizi yako iko wapi?"

"Nile peke yangu, mzee, wewe ukinitazama?"

Tumekula. Wali umeshuka polepole, lakini umeshuka.