Mota ya Cherehani Yako

Dada Somoe,

Shikamoo. Huku Ruangwa hawajawahi kuona kijana mwenye akili na sura kama yangu. Hata wachimbaji wa dhahabu wa Namungo wananiamkia. Nyie Lionja mnanichukulia poa tu.

Mota aliyotuma shangazi kutoka Maskati niliifuata Nachingwea siku tatu, nikaambiwa inashukia huku. Kwa wakala wa vifurushi ni benchi na joto. Nikiuliza, mama wa dirishani ananijibu, "Kijana, tulia! Ukizunguka hivyo gari litakuja mbio?" Nimekula mihogo ya kukaanga mpaka muuzaji ananiita shemeji.

Jana gari likaja. Mama akaita, "Kitumbo! Kitumbo wa Lionja!" Shangazi aliondoka kabla sijaingia jando, kaandika kwenye mzigo jina langu la utotoni. Na benchi zima wasichana! Mwanaume mzima niitikie Kitumbo? Nikageuka na mimi kumtafuta huyo Kitumbo.

Pole na mguu, dada yangu, najua sare za shule bado unazishona kwa kukanyaga. Mungu akupe nguvu. Kwenye simu nimeshindwa kukwambia: leo nilipoufuata mzigo, ulishapakiwa jana ileile kurudi Dar. Niliitwa mara tatu, nikanyamaza.

Mdogo wako,
Rashidi