Pikipiki ya Baba Mkwe

Ndugu yangu, nimeumbuka. Nimejifungia chooni, usinipigie.

Unaijua ile pikipiki kuukuu ya baba mkwe, anayoipenda kuliko sisi wote? Wiki iliyopita nilijitia fundi, nikamsafishia kabureta. Tangu siku hiyo, ukiiwasha na kuiacha ingurume yenyewe, mlio unapanda, unashuka, inakohoa, inazima.

Leo kaja kuifuata. Na mimi nikamhutubia! Mbele ya mke wangu na majirani wawili! Nikamwambia, "Baba, injini za zamani ndivyo zilivyo. Huu ni uzee tu, hakuna la kufanya."

UZEE! Namwambia hivyo mtu wa miaka sabini na nane!

Akaomba bisibisi, akafungua boksi la chujio la hewa, akaingiza vidole viwili, akavuta taratibu.

Soksi.

Soksi yangu mimi! Niliichomeka kwa mkono wangu ili vumbi lisiingie nikisafisha, halafu nikaisahau humo. Wiki nzima injini ya watu inavuta pumzi kwenye soksi!

Akawasha. Ikatulia tuli, ungedhani imetoka dukani leo.

Mke wangu akadakia, "Kumbe ndiyo hiyo uliyonigombeza kwamba nimeipoteza mimi?" Majirani wakageukia ukuta, mabega yanawatetema.

Baba mkwe akaisogeza puani, ndugu yangu, akainusa! Akanirudishia kwa heshima zote.

"Mwanangu, huu si uzee. Uzee ninao mimi, na haunuki hivi."